Kituo cha Kusemezana na Wenzetu Tusiowajua

Mheshimiwa Mwakilishi wa Chef wa kartier, mtaa wetu wa Kavimvira, uliyechelewa kwa sababu za kikazi. Waheshimiwa Mapadri na Wachungaji, mliokubali kukaa benchi moja. Mama Ernestine, Prezida wa wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Wajumbe mliotoka Sange na Kamanyola na vumbi lenu. Vijana wa simu. Na ninyi wote mliobaki, kila mmoja kwa cheo na sifa zake: mimi, Sévère, Mratibu Mkuu wa Muda wa Kituo cha Kusemezana na Wenzetu Tusiowajua katika Mapigano ya Simu, nawasalimu. (Makofi. Mama Ernestine anamuuliza jirani yake kama hiyo ndiyo salamu au ndiyo hotuba.)

Tatizo ni kubwa. Mtu wa Uvira anaingia katika mchezo wa vita wa simu, mashine inampa wenzake watatu, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Tanga, mmoja hasemi anatoka wapi, na kabla hawajaulizana habari za nyumbani wameshaanza kupigwa risasi. Kwa mujibu wa uchunguzi nilioufanya mimi mwenyewe, peke yangu, bila woga, asilimia sitini na moja nukta nne ya wenzetu hao hawatusikii, asilimia thelathini na nane wanatusikia vibaya, na asilimia ishirini na mbili wameacha mikro wazi, tunasikia kuku wao. (Mtu wa benchi la nyuma anajumlisha kwa vidole, vinamwishia.)

Mimi mwenyewe ni shahidi. Juzi mwenzangu alinipigia kelele, “Nyuma!”, na minye, samahani, na mimi nikasikia “nyumba”, nikaingia nyumba iliyokuwa karibu, kwa nidhamu, nikafunga na mlango, nikauawa na waliokuwa humo. Siku nyingine nilianza kwa kuwasalimu wenzangu kama inavyopasa. Nilipofika kwenye cheo na sifa zake, hakuna aliyekuwa hai wa kuitika. (Kicheko. Hata padri.)

Ili msidhani ni maneno matupu, mezani hapa kuna simu, na mchezo umefunguliwa. Ni simu ya marehemu Fabiola, mshonaji, binti wa Mzee Gratien huyu mnayemwona mbele, fundi wa baiskeli. Nyote mlimjua. Alikuwa anacheza saa sita mchana, akingoja pasi ipate moto. Hakuwa na mkakati wowote, nakiri hivyo kwa masikitiko ya kitaalamu, lakini mwenzake akianguka alisema maneno mawili tu, “Minye niko,” akaenda akamwinua. (Mzee Gratien anaitikia kwa kichwa. Anaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba aliyasema akiwa na pini midomoni.)

Sasa sikieni dosie ya Mzee. Kuna mtu wa Tanga anayejiita Kobe, jina la ubatizo halijulikani. Tangu Fabiola atutoke, mwezi wa nne, kila adhuhuri Kobe anaita katika simu hii na kuuliza kama Fabi yupo. Mzee amemjibu mara tatu, kwa adabu: “Fabiola haiko.” Lakini Kobe anasikia kwamba ametoka kidogo, labda kaenda sokoni, naye anajibu kwamba hamna neno, wanambakizia nafasi yake. Na kweli wanambakizia. Mpaka leo wanapigana watu watatu, nafasi ya nne iko tupu, na wanashindwa kila siku. Mzee anaona vibaya kumngojesha mtoto wa watu, na neno la kumaliza halimtoki. Amekuja leo Kituo kimpe fundi wa kumsaidia kulisema. (Mzee Gratien anasema ndivyo, ndiyo maana amevaa shati la kanisani.)

Na atapewa! Kituo kitakuwa na vyumba vitatu, mafundi kumi na wawili, na, kwa mara ya kwanza katika ukanda wote wa ziwa, wakalimani wa Kiswahili kwenda Kiswahili. (Makofi marefu. Mzee Gratien anauliza mlango wa Kituo uko upande gani.)

Namalizia. Mikro wazi! (Watu: Masikio wazi!) Mwenzako akianguka! (Watu: Ainuliwe!) Namshukuru mfadhili, ambaye bado tunamtafuta, mjenzi, atakayejulikana mfadhili akishapatikana, wenye kiwanja, wanaoomba tusikanyage mihogo yao, na Mkuu wa shule hii, aliyetuazima huu utepe na kuomba tusiukate. (Mama Ernestine anasimama. Anauliza, bila ukali: “Kwa hiyo, Monsieur Sévère, Kituo haiko tena?”)

Mama, tuheshimu lugha. “Haiko tena” inasemwa juu ya kilichokuwako. Kituo hakijakuwako hata siku moja. Kituo haiko, basi.

(Hakuna anayecheka. Mzee Gratien amekwisha kusimama. Anarudia lile neno la mwisho la Mama Ernestine kwa midomo tu, bila sauti, kama mtu anayejaribu kofia. Ni adhuhuri, saa ya Kobe. Anakwenda mezani, anachukua simu, anabonyeza mikro.

“Kobe, mwanangu,” anasema. “Fabiola haiko tena.”

Nje mtu anapiga kengele ya baiskeli, mara mbili. Halafu sauti ya Tanga inatoka, ikijikwaa kwenye neno lisilo la kwao:

“Minye niko, baba.”)

Waheshimiwa, nilikuwa na ukurasa mmoja zaidi. (Anaukunja.) Asanteni.