Waraka wa Viuno

Ninayo heshima kuutangazia umma kwamba kiuno cha kila mtumishi wa Idara ya Usafi sasa kinajulikana rasmi kwa sentimeta, na kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika kabati la chuma lenye kufuli. Zipo idara kubwa kuliko yetu ambazo hadi leo hazijui lolote kuhusu viuno vya watumishi wao. Sisi tunajua. Naeleza jinsi tulivyofikia hapo kwa kuwa mimi ndiye Katibu Msaidizi Mwandamizi, na hakuna jambo linalopita idarani bila kupita mezani kwangu, hata kama linapita kwa kasi.

Kazi yetu ni taka. Nyuma ya ofisi kuna ua mpana ambako taka za sokoni na za mitaa ya jirani hurundikwa zikisubiri lori. Lori ni moja. Mkurugenzi naye ni mmoja, na kati ya hao wawili aliyekuwa na kasi ni Mkurugenzi, hasa katika kutoa nyaraka. Miaka minne iliyopita alihudhuria semina ya wiki mbili ng'ambo, na aliporudi akaamuru kila kitu kiandikwe kwa Kiingereza. Tangu siku hiyo hata barua ya kumwita fundi bomba aje kuzibua choo iliandikwa kwa Kiingereza. Fundi bomba akadhani ameshtakiwa, akahama nyumba.

Kiingereza, kwa wasiokizoea, kina maneno mengi yanayotamkwa sawasawa, lakini kila moja lina herufi zake na maana yake. Mkurugenzi alikuwa na sikio zuri sana kwa maneno hayo. Udhaifu, kama ulikuwapo, ulikuwa kwenye herufi. Aliwahi kuagiza karatasi na kalamu, akaandika "stationary" kwa a, neno lenye maana ya kitu kisichosogea. Mtunza ghala alijibu kwa barua kwamba vitu vyote vya ghalani havijasogea tangu aajiriwe, anaomba kujua kinachotakiwa ni kipi hasa. Mwaka uliofuata mwaliko wa kikao cha Bodi ulitoka ukiwa na neno "bored", yaani watu waliochoshwa. Wajumbe walifika wote kwa wakati na hakuna aliyeona kosa.

Aliyekuwa akiona ni mpiga chapa wetu, mama mmoja tuliyezoea kumwita Bi Chapa. Alikuwa amekaa kazini miaka ishirini na sita na alibakiza miezi kumi na minne astaafu. Macho yake yalikuwa yameanza kuchoka lakini herufi hazikumpita. Alikuwa akizirekebisha kimyakimya, mpaka Mkurugenzi alipogundua kwamba waraka unaotoka haufanani na waraka alioutoa. Akamwandikia onyo, na onyo lenyewe akampa Bi Chapa alipige chapa.

Basi siku moja Mkurugenzi akatamka waraka kuhusu ule ua. Ulisema waste yote, yaani taka, itapimwa kila Ijumaa saa tatu asubuhi. Itakayozidi sentimeta tisini itaondolewa eneo la ofisi siku hiyohiyo kwa gari la idara, bila kujali imetoka wapi wala ni ya nani. Nilikuwapo. Nakiri ulikuwa waraka mzuri. Bi Chapa akaupiga, akauleta, na Mkurugenzi akachukua kalamu nyekundu.

"Hapa umekosea," akasema. "Waste hii ni ya kupoteza. Kama kupoteza muda. Mimi nazungumzia ile nyingine. Tia i, toa e."

"Mheshimiwa, ile yenye i ni kiuno."

"Nani kasema?"

"Ndivyo ilivyo, mheshimiwa. Waist, kiuno. Na sisi ni watu wa taka, ndiyo maana nikadhani..."

"Umeajiriwa kupiga chapa, Bi Chapa, hukuajiriwa kudhani." Akamtazama juu ya miwani. "Kwa Kiingereza cha hapa labda ni kiuno. Mimi nimekaa na wenyewe."

Bi Chapa alinigeukia. Mimi ninayo kamusi, tena yenye jalada gumu, na nilikuwa nimeshaona. Lakini cheo changu hakina fungu la kuona. Nikatazama dari, ambalo nalo linahitaji kushughulikiwa. Basi i ikatiwa, waraka ukasainiwa, nakala zikabandikwa kwenye kila mlango.

Watu wengine wangecheka. Sisi tulitekeleza. Kwa kuwa hatukuwa na mtaalamu, nilimwajiri fundi cherehani mwenye kibanda mkabala na geti letu, nikampa cheo cha Mshauri Elekezi wa Vipimo vya Kati. Aliuliza mara moja tu.

"Mnataka kushonewa sare?"

"Hapana. Tunataka kujua."

"Haya," akasema, akavaa utepe wake shingoni. "Kazi ni kazi."

Ijumaa ya kwanza walizidi watu kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa karani wa masjala, mjamzito wa miezi minane, aliyefika sentimeta mia moja na nne. Fundi alisita.

"Katibu, hapa kuna watu wawili."

Nilitafakari kwa kina, kisha nikaelekeza kipimo kigawanywe kwa mbili. Hamsini na mbili kila mmoja, wamefaulu. Nilijivunia uamuzi huo, lakini karani akanivuta pembeni.

"Kaka yangu, usinifanyie hivyo. Miguu imevimba. Niache nizidi nikalale."

Ikabidi niwaunganishe upya. Wote kumi na mmoja wakapanda kwenye lori, na dereva akawapeleka mmoja mmoja hadi majumbani kwao. Mume wa karani alipiga simu kuuliza mkewe amekosa nini. Nilimjibu kwamba hajakosa, amezidi.

Mimi nilipata themanini na tisa na nusu. Fundi alisubiri nivute pumzi. Nilivuta kesho yake.

Habari za kurudishwa nyumbani asubuhi zilienea upesi. Ijumaa ya pili wahandisi wawili walifika wamevaa sweta tatu chini ya shati, kwenye joto la kukaanga mtu. Msimamizi wa magari alianza kunywa maji tangu alfajiri na alipimwa akiwa amesimama kwa tahadhari kubwa. Walizidi ishirini na sita. Ijumaa ya tatu mfagizi wetu, mwembamba kama ufito, alibaki na jengo zima karibu peke yake. Aliniuliza ni chakula gani kinachonenepesha haraka, nikamwambia awasilishe swali kwa maandishi.

Lori nalo, likitoka kusafirisha watumishi Ijumaa, lilihitaji Jumamosi kupumzika na Jumatatu matengenezo. Taka za uani zikapanda. Wiki ya nne zilifika kwenye madirisha, na masjala ikawa inawasha taa mchana. Wanawake wa sokoni walikuja kulalamika, fundi akawapima. Nilimwandikia Mkurugenzi dokezo lenye kichwa "Hali ya Mwanga". Alilirudisha akiwa amesahihisha tahajia yangu, ambayo ilikuwa sawa.

Ijumaa ya tano, saa tatu kasoro dakika chache, aliingia mama mmoja mwembamba aliyevaa buti za mpira hadi magotini. Alikuta foleni ukumbini, watu wamefungua vishikizo vya makoti.

"Mama, jipange nyuma ya huyo bwana mwenye tai," fundi akamwambia kwa upole. "Wewe hata hatutakusumbua, naona kwa macho tu."

"Mimi ni Mkaguzi kutoka makao makuu," akasema. "Nimekuja kuona taka zinavyopimwa."

Nilikwenda kumwita Mkurugenzi, akashuka akiwa na tabasamu la wageni. Mkaguzi alikuwa ameshabandua waraka mlangoni na anausoma kwa mara ya pili, kidole chini ya neno.

"Mkurugenzi, hapa pameandikwa kiuno."

Nilimwona Mkurugenzi akiliangalia lile neno, na nadhani ndipo alipoliona kwa mara ya kwanza. Rangi ilimtoka kidogo. Kisha akamgeukia Bi Chapa, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake na miwani mkononi.

"Kosa la chapa," akasema. "Nimeshamwonya huyu mama. Leo hii namwandikia barua ya kuachishwa kazi."

Bi Chapa aliivaa miwani yake, akaivua tena, kama mtu asiyejua aitazame nini. Nilikumbuka ile miezi kumi na minne, ambayo sasa ilikuwa imebaki kumi na mitatu.

Mkaguzi alinigeukia. "Wewe ni nani?"

"Katibu Msaidizi Mwandamizi."

"Ulikuwapo waraka ukiandikwa?"

"Uwepo wangu ulikuwapo."

"Hii i iliingiaje?"

Naomba ieleweke kwamba nilikuwa nimejiandaa kutazama dari. Lakini Bi Chapa alikuwa kwenye njia ya macho yangu, na nilishindwa kupita.

"I iliingizwa," nikasema.

"Na nani?"

"Na kalamu nyekundu."

"Ya nani?"

"Kwa mujibu wa Mwongozo wa Vifaa vya Kuandikia, ambao niliuandaa mwenyewe, kalamu nyekundu hutumiwa na Mkurugenzi peke yake."

Mkurugenzi alishusha pumzi, akavuta koti lake likae sawa, na nikajua anatafuta njia, maana nimemfahamu miaka mingi.

"Sawa," akasema. "I ni yangu. Na haikukosewa. Waraka ulilenga viuno tangu mwanzo. Afya ya mtumishi ndiyo msingi wa usafi."

"Kwa hiyo hakuna kosa."

"Hakuna."

"Nimefurahi," Mkaguzi akasema, na uso wake haukuonyesha furaha wala karaha. "Basi kazi iendelee. Wewe umeshapimwa?"

"Mimi ndiye mtoa waraka."

Mkaguzi akanitazama. Nikausoma mstari husika kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu: bila kujali kimetoka wapi wala ni cha nani. Fundi alikuwa ameshapiga magoti. Alizungusha utepe, ukagoma kukutana, akauvuta.

"Mia moja ishirini na moja," akasema. "Na hapo nimekubana kidogo, mzee, kwa heshima."

Mkaguzi alimsogelea Mkurugenzi, akapunguza sauti, lakini mimi husikia. "Ndugu yangu, ukisema sasa hivi kwamba ulikosea herufi moja, nitaandika hivyo. Tutacheka wote na utarudi mezani kwako. Ukisema hukukosea, lori liko pale nje."

Nilidhani atasema. Wote tulidhani, hata fundi aliacha kuukunja utepe wake. Mkurugenzi alifungua mdomo, akatutazama sote tuliokuwa kwenye ile foleni, watu aliowasahihisha kwa miaka minne, akaufunga.

"Waraka wangu hauna kosa," akasema, akatoka nje akitembea polepole, amenyooka.

Dereva alimfungulia mlango wa mbele. "Panda huku, mzee. Nyuma kuna unyevu."

Bi Chapa alimfuata na mkoba wa Mkurugenzi, ambao mwenyewe alikuwa ameusahau kwenye kiti. Nilikwenda naye ili tukio lisikose shahidi. Mkurugenzi aliupokea mkoba kupitia dirishani na hakuuachia mara moja mkono wa Bi Chapa.

"Bi Chapa," akasema chini kwa chini. "Ile nyingine inaandikwaje?"

"Ipi, mheshimiwa?"

"Ile ya taka."

Bi Chapa akamtajia herufi tano, moja baada ya nyingine, bila haraka, kama anavyomtajia mjukuu wake. Mkurugenzi aliziandika kiganjani kwa ile kalamu nyekundu, akazisoma.

"Zote mbili zina herufi tano," akasema.

"Zote, mheshimiwa."

"Hapo mtu yeyote angekosea."

"Yeyote," Bi Chapa akakubali. "Nenda salama. Na usinawe kabla hujaziandika kwenye karatasi."

Lori likaondoka. Watumishi waliokuwa wakiondolewa zamani walirudi kila Jumatatu kwa mazoea tu, lakini tulipoupitia waraka kuona Mkurugenzi atarudishwa lini, tukakuta hauna kifungu cha kurudisha. Uliandikwa kwa ajili ya taka, na taka ikishaondoka hakuna anayeidai. Mkaguzi aliliandika hilo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

Kisha akatembea hadi uani kwa buti zake, akasimama mbele ya rundo.

"Na hii nani anaipima?"

Fundi aliipima kwa kuunganisha tepe mbili. Mita tatu na sentimeta sitini. Ilipaswa kuondoka siku hiyohiyo kwa gari la idara, ila gari la idara lilikuwa limempeleka Mkurugenzi, ambaye anakaa mbali. Mkaguzi alikunja mikono ya blauzi na kuomba sepetu. Mfagizi akamletea yake. Wale wahandisi wawili wakavua sweta, moja, mbili, tatu. Mtu akaenda sokoni, akarudi na wanawake na mikokoteni minne, na kabla sijaelewa mlolongo wa mamlaka umekaaje, taka zilikuwa zinapita getini na mwanga unaingia masjala.

Niliona hatari iliyokuwapo. Kazi kubwa kiasi kile ilikuwa inafanyika bila idhini. Nikamwita Bi Chapa, aliyekuwa ameshika mpini mmoja wa mkokoteni uliojaa, nikamwomba aje ofisini upesi nimtamkie waraka wa kuhalalisha. Nilimwambia ningeutaka kwa Kiswahili.

"Mdogo wangu," akasema, "shika upande huo."

Nikashika.