Kinyozi Anayesoma Makoo

Jumapili, 8 Januari 1961

Nimeshindwa tena karata nyumbani kwa Basile. Viberiti vimekwenda, sukari imekwenda. Tangu meli za Léopoldville ziache kupanda mto, tunachezea bidhaa za dukani badala ya pesa, maana maduka yenyewe ni matupu. Basile anauza samaki wa Wagenia, wavuvi wa mto, kwake hakupungui kitu. Théodore alikuwa karani wa kampuni ya meli. Sasa hana kazi, lakini kravati haivui. Ndiye aliyetufundisha pokeri. Wote wawili wananiona mjinga. Sawa.

Hawajui nilichosoma leo. Mzungu mmoja niliyemnyoa miaka mingi alikimbia Julai, akaniachia rundo la magazeti. Katika moja kuna makala juu ya pokeri. Inasema mwili haujui kuficha: mwenye karata mbaya koo lake linaruka, mwenye karata nzuri koo lake linatulia. Bon. Ni nani hapa Kisangani anayeshika makoo ya watu kila siku? Mimi, Nassoro, kinyozi wa sokoni.

Jumatano, 11 Januari

Nimewaita wote wawili niwanyoe bure. Mke wangu Zaina aliuliza kama nina homa. Kipande cha sabuni nilichotumia kilikuwa cha mwisho nyumbani. Nilimjibu kwamba sayansi ina gharama.

Basile alikaa kwanza. Nikampaka povu, nikaweka wembe chini ya kidevu, nikamuuliza taratibu: ukishika karata mbovu, unajisikiaje? Koo likaruka kama samaki kwenye ndoana. Na ukishika wafalme watatu? Likaruka tena, pengine zaidi. Théodore naye vilevile. Aliniomba maswali yangoje mpaka wembe utoke.

Zaina alikuwa akifagia mlangoni na mtoto wetu Feruzi mgongoni. Akasema, "Papa Feruzi, ukiweka wembe kwa shingo ya mutu, hata akiwa na wafalme yote ya dunia, atameza mate tu."

Zaina hajasoma makala.

Jumapili, 15 Januari

Siku ya majaribio. Nilipata wafalme watatu. Basile akaweka mezani mfuko wa chumvi. Nikalitazama koo lake. Kimya kabisa. Karata nzuri, hakuna shaka. Nikatupa zangu. Akafunua zake: hana hata jozi. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa shati.

Sikutikisika. Kila sayansi ina makosa madogo mwanzoni.

Kisha Théodore akaweka baiskeli yake. Koo lake lilikuwa likiruka, likatulia, likaruka tena. Mtu wa koo la namna ile hana kitu mkononi. Nikaweka kiti changu cha kunyolea, kile cha ngozi kinachozunguka. Basile aliniuliza kama nimefikiri vizuri. Aliuliza kwa huruma, na ninavyomjua, huruma yake ni wivu mtupu. Théodore akafunua karata tano, zote kopa, mkono usioshindwa kirahisi. Halafu akaomba maji. Karanga zilikuwa zimemkwama tangu tuanze kucheza.

Donc, koo halikukosea. Zilizokosea ni karanga.

Alhamisi, 19 Januari

Théodore amefungua duka la kunyolea ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wangu. Kiti changu kinazunguka kwake kutwa nzima. Wateja wangu wanakalia kreti ya bia. Wa leo alikuwa mmoja, naye alitaka tu kujua kile kiti cha ngozi kimehamia wapi.

Mchana nilivuka barabara, nikaketi kwenye kiti changu mwenyewe, nikaagiza kunyolewa. Huo si unyonge, ni upelelezi. Wembe wa Théodore uliteleza kila ulipofika shingoni. "Papa Feruzi, tulia kidogo," alisema, "hii kazi ningali najifunza." Kisingizio. Ananiogopa. Uso wangu umejaa mikato, na kila mkato ni ushahidi.

Jumamosi, 21 Januari

Basile amekuja na ujumbe. Théodore yuko tayari kunirudishia kiti bila mchezo wowote. Anachotaka ni nimfundishe kunyoa, tufanye kazi duka moja, tugawane sawa kwa sawa. Zaina alisikia, akashukuru Mungu, akaenda kumtengea Basile chai bila sukari.

Nimekataa. Mtu anayeomba amani kabla karata hazijagawanywa ana karata mbaya, hilo halihitaji hata makala. Nilimwambia Basile tukutane kesho mezani. Alimaliza chai yake, akaondoka.

Jumapili, 22 Januari

Asubuhi nilimweleza Zaina kwamba leo nitaweka cherehani yake, na jioni itarudi pamoja na kiti. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Ukigusa ile mashine, mimi navuka mto kwa kaka yangu, kule Lubunga. Na sitarudi."

Nikamtazama vizuri. Koo limetulia. Macho yametulia. Zamani ningedanganyika. Lakini Basile na chumvi yake alinifungua macho: koo likitulia namna ile, mkononi hamna kitu.

Akafunga nguo zake, akambeba Feruzi mgongoni, akajitwika cherehani. Nilimfuata hadi ukingoni mwa mto nione atakavyogeuza nia. Akapanda pirogue, mtumbwi wa kuvukia. Nilimpungia mkono kumwonyesha kwamba nimeshamsoma. Hakugeuka.

Naandika haya nikiwa nimekaa hapa ufukweni. Pirogue imeshafika katikati ya mto. Nakiri, mwanamke huyu anajua kucheza: mpaka cherehani ameibeba, ili uongo wake ufanane na kweli. Lakini yeye anacheza na mtu anayesoma.

Mchezo unaanza saa kumi. Nimemtumia Théodore salamu kwamba cherehani iko njiani.