Dungusi Lenye Jina Langu

Jumatatu, 16 Oktoba
Nimeteleza kilimani, nikaangukia uso. Mbele ya pua yangu: dungusi! Bapa kama sarafu ya peso kumi, limelala sawa na ardhi, halina hata mwiba mmoja. Spishi mpya! Litaitwa Zúñiga, kama mimi. Nimefundisha baiolojia miaka thelathini bila hata mende kupewa jina langu!

Nikamwonyesha binamu yangu Ramira, mfuga mbuzi. Kakunja uso. Eti hilo ni dungusi la kawaida liitwalo kwato la paa, hata bibi yetu alilijua, na nifunge mdomo. Wivu!

Jumanne, 17 Oktoba
Katika picha ya kitabu changu cha baiolojia, kwato la paa limevimba. Langu bapa. Ubishi umekwisha! Nimempigia Daktari Ludivina, mtaalamu wa mimea huko San Luis. Anakuja Ijumaa. Nimetundika bango barabarani: DUNGUSI LA ZÚÑIGA, na mshale. Ramira kaling'oa. Nimetundika jingine, juu zaidi.

Jumatano, 18 Oktoba
Mvua kutwa.

Alhamisi, 19 Oktoba
Mungu wangu! Limevimba! Limetuna kama gordita, mkate mnene wa mahindi, kwenye kikaango! Nimelifunika kwa mwavuli wa mke wangu, nikalipepea kwa kofia saa tatu nzima. Halikunywea ng'o.

Ijumaa, 20 Oktoba
Daktari kainua mwavuli. Ua la rangi ya waridi, kubwa kuliko dungusi lenyewe! Akasema papo hapo: kwato la paa. Kiangazi hunywea, mvua ikija huvimba. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akapiga magoti. Analia! Alidhani wezi wa mimea waliyamaliza yote hapa. Ramira, aliyetufuata hadi kilimani, akakiri yapo mia mbili na kumi na moja. Mbuzi wake huwapitisha mbali.

"Nimeyaficha miaka kumi na tisa, binamu," akanifokea. "Wewe siku mbili tu, umewawekea wezi mshale!"

Tukakimbilia barabarani. Gari geni chini ya bango! Wanaume wawili, magunia, sururu! Daktari akawapigia kelele kwamba polisi wako njiani. Uongo mtupu, simu haishiki kule. Wakatimua mbio. Nimemwapia Ramira: sitatangaza kitu tena maishani.

Jumapili, 22 Oktoba
Ukutani mwa kanisa: mjusi! Bapa kama tortilla, ana pembe! Nimeshampa jina langu. Padri amekubali nimtangaze kwenye misa ijayo. Kitabu sijakifungua. Asije akawamo.