Yai Namba 31

Jumatatu, 3 Machi

Mayai yametimiza siku kumi na tano kwenye mashine ya kutotolea. Kazi yangu: kuyageuza, kuyamulika, kunyamaza. Daktari ameyadunga dawa aone jinsi askari wa kinga ya mwili wanavyokua ndani ya kifaranga kabla hajatoka. Alhamisi yatafunguliwa yote, vifaranga wapasuliwe. Namba 31 nikilimulika linarusha teke. Mengine yananipuuza.

Mke wangu ana mwezi wa pili chumbani. Matibabu yamemshusha kinga, wageni marufuku. Jana kaniambia amehesabu maua ya pazia: mia moja na nne. Imeniuma. Kesho nampelekea wa kumliwaza: namba 31. Mpango hauna pa kuvujia.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua yai dukani, nikaliandika 31, nikabadilisha. La kweli nimelitia kwapani, chini ya sweta. Nusu saa natembea mkono umebana. Mlinzi wa getini kanipa pole. Nimeipokea.

Nyumbani nikafunga pazia, nikawasha tochi. Mishipa, jicho, halafu teke! Mke wangu akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Desemba. Kisha akauliza limetoka wapi. Nikasema ukweli, nusu. Nusu nyingine akaimalizia mwenyewe. Akaniambia nilirudishe: huyo kifaranga yuko kazini ili wagonjwa kama yeye wapone, tena anaifanya kazi kuliko mimi.

Jumatano, 5 Machi

Maabara jana ilikuwa imeshafungwa. Yai limelala katikati yetu, juu ya chupa ya maji ya moto, tukiligeuza kwa zamu. Asubuhi nimekimbia nalo. Nimechelewa. Miwani, mwenzangu wa maabara na adui yangu tangu tulipogawiwa makoti, alishamulika lile la dukani. Tupu. Tena namba nimeiandika kwa wino! Hapa hata mfagizi anajua ni penseli tu, wino unapenya gamba. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Daktari hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema yai lililotembea mjini haliingii tena kwenye utafiti, basi liachwe litotolewe. Nikaomba kifaranga awe wa mke wangu. Akanitazama sana. Akasema mgonjwa asiye na kinga hakaribii ndege. Vinyesi vyao vina vijidudu, na ningeweza kumuua huku nikimpenda. Nimekaa chini bila kuambiwa nikae.

Alhamisi, 6 Machi

Mengine yote yamefunguliwa. Nilishika sahani. Miwani akanipa leso. Sitamsamehe.

Jumapili, 9 Machi

Kifaranga ametoka. Kachukuliwa na Miwani. Miwani! Ila amemrekodi video. Mke wangu ameitazama mara kumi, kamwita Mzururaji. Kisha akanishika mkono, akasema nisimletee tena kitu, nikae naye tu. Nimeahidi. Tumehesabu maua ya pazia pamoja. Ni mia moja na sita.

Paka wa mlinzi amezaa. Daktari alisema ndege. Paka hakumtaja. Na sweta langu lina makwapa mawili.