Zinki za Felisian

Felisian alikuwa anakula samaki stendi ya Bunda redio iliposema kuwa wataalamu wanatengeneza betri za zinki zinazochajiwa upya, na kwamba hizo, tofauti na za lithiamu, hazishiki moto hovyo. Wengine waliendelea kutoa miiba. Felisian aliacha kutafuna.

Alikuwa amesikia kwamba kule Kibara betri ya taa za kuvulia dagaa ilivimba ikiwa kwenye chaji, ikawaka na kuteketeza nyavu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kwa uzoefu wa Felisian, mtu aliyeshtuka habishani bei. Akaenda kwa wauza chuma chakavu, akachukua gunia la betri za pikipiki zilizokufa, akazipaka rangi ya bluu na kuziandika ZINKI. Tumtendee haki: habari ya zinki ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa kwenye rangi tu.

Tena alichagua siku. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa, kwa hiyo mitumbwi huvutwa nchi kavu na wavuvi hushona nyavu wakisubiri giza lirudi. Betri zingeuzwa sasa na kujaribiwa baadaye, mwenyewe akiwa keshahama mkoa.

Alifunga mzigo kwenye pikipiki yake nyekundu, kitu pekee duniani alichokipata kwa jasho, akaenda Kibara moja kwa moja kwa Mama Lukresia, mjane mwenye mitumbwi ambaye nyavu zilizoungua zilikuwa zake. Aliamkia kwa adabu, akaulizia wajukuu, akatoa pole mpaka sauti ikakwaruza. Kisha akachukua nyundo na kupigilia msumari katikati ya betri. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walikimbia. Hakukutoka hata moshi, maana marehemu hana moto wa kutoa.

"Hii ndiyo zinki, mama. Unaweza kulala nayo kitandani."

"Tuwashe basi taa tuone."

"Bado. Inakaa kwanza kwenye chaji mpaka mwezi upungue. Ukiiharakisha, unaiua."

Mama Lukresia alitikisa kichwa taratibu. Alisema tangu moto ule hana fedha, ila anayo mashine ya boti aliyoacha marehemu mumewe. Akafunua turubai. Mashine ilikuwa inang'aa hata Felisian akajiona ndani yake kama kwenye kioo, na kwa kweli alijipenda. Akaomba iwashwe.

"Mashine haiwashwagi nchi kavu, mwanangu, itaungua. Inapozwaga na maji ya ziwa. Na mbalamwezi hii hatushushi mtumbwi mpaka giza."

Angebisha vipi, wakati yeye mwenyewe ametoka kusema subiri mwezi? Na kusubiri ndicho kitu ambacho hakukiweza. Mama akaongeza, kwa huzuni, kwamba mashine ni ghali kuliko betri, itabidi Felisian aongeze kidogo. Macho yake yakatua kwenye pikipiki. Felisian aliumia, aliumia kweli. Lakini alipopiga hesabu kwamba mashine ile itamnunulia pikipiki mbili, akatoa ufunguo.

Alikwenda Musoma kwa basi, mashine imelazwa kwenye buti, yeye akiimba kimoyomoyo. Huko fundi Enos, aliyepelekewa mashine aikague kabla haijauzwa, alifungua skrubu na kuinua kifuniko. Ndani mlikuwa na mawe ya ziwani, yamefungwa kwa matambara ili yasigongane.

Felisian alipiga simu palepale. Alisema amedhulumiwa, kwamba arudishiwe pikipiki yake leo hii, la sivyo anakwenda polisi.

"Mbona haraka, mwanangu?" Mama Lukresia alijibu kwa upole. "Giza likirudi lete mashine yako, tuitie majini. Na mimi nitaleta betri zako, tuziwashe mbele ya wavuvi wote. Huyo polisi mje naye, atakula dagaa."

Nyuma ya sauti ile Felisian alisikia pikipiki yake ikipigwa kiki, nayo ikawaka mara moja.