Godoro la Tano kwenye Boti ya Kumai

Jumatatu, 12 Mei

Nimeendesha meli miaka thelathini. Bahari yote ya Java inanijua kwa jina.

Haya, basi. Sikuendesha. Niliuza karanga za kuchemsha kwenye geti la bandari ya Semarang. Siku pekee niliyopanda meli, kumpelekea nahodha karanga zake, nilitapika, na meli yenyewe bado imefungwa gatini. Lakini wajukuu wanaamini nilikuwa nahodha. Wao wakiamini, inatosha.

Leo binti yangu Retno kaniomba nimchagulie boti. Likizo ya Juni anataka kuwapeleka watoto kuona wanyama wa porini, siku tatu, kula na kulala humohumo majini. Sekar ana miaka tisa, Danu mitano. Ni safari yao ya mwisho kabla ya kuhama. Julai mume wake anahamishiwa kazi Medan, kwa wazazi wake, na wajukuu wangu nitawaona kwenye simu, paji la uso tu na tundu za pua.

Kwa hiyo lazima niwemo. Na mchagua boti ataachwaje? Nimeshaanza kutafuta kofia.

Kisha Retno akaongeza, kama mtu anayetaja bei ya vitunguu, kwamba Opung naye ameombwa achague.

Opung! Kalamu imeniponyoka.

Jumatano, 14 Mei

Opung ni baba wa mume wa Retno. Mbatak wa Medan, sauti kama honi ya meli. Sisi wawili tunaitana Besan, kama wanavyoitana watu walioozeana watoto. Amekuja kukaa mwezi mzima kwa Retno, eti kusaidia kufunga mizigo. Sijamwona akifunga hata kamba ya kiatu.

Yeye anataka meli ya Komodo, wakaone kenge wakubwa kuliko mbwa. Bahari wazi! Mawimbi! Nikashikilia kochi kwa mikono miwili. Mimi nimesema Kumai, kule Kalimantan, boti ya mtoni, maji yametulia kama chai kwenye sosa, na sokwe wekundu wanakuja wenyewe kula ndizi.

Watoto wakapiga kelele za kenge. Nikamvuta Danu pembeni. Nikamnong'oneza kwamba kenge wale humeza mbuzi mzima, na pembe zake. Nilitegemea alie.

Akaniuliza kama mbuzi tutakwenda naye au tutamnunua hukohuko.

Nimerudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepiga simu. Kazi ya akili hii, Opung haiwezi. Yeye anatazama picha tu.

Mwanamke wa meli ya Komodo ni mkweli mpaka anatisha. Amesema meli yake nzuri, lakini kuna mahali pa kuvuka penye mawimbi, na sheria yake ni kwamba watoto wadogo hawashuki kutembea kati ya kenge. Danu angebaki melini na mpishi. Nilimshukuru kama aliyenipa ng'ombe.

Kisha Bang Isran, mwenye boti ya Kumai. Nikamuuliza uzio wa sitaha una kimo gani. Akasema unafika gotini. Gotini! Nikakaa chini. Akacheka, akasema wakiwepo watoto hufunga wavu wa samaki kutoka kwenye uzio mpaka paani, boti nzima, na maboya ya kuvaa anayo ya saizi zao. Usiku magodoro yanatandikwa hapohapo sitahani, kila moja na chandarua chake. Sharti moja tu: hakuna kuning'iniza miguu majini, mto una mamba.

Nikayamwaga yote mbele ya Retno, Opung akiwa anasikia. Retno kachagua Kumai. Danu alilia kidogo mpaka aliposikia habari ya mamba.

Ushindi! Nilitaka kucheza. Ndipo Retno akasoma ujumbe wa Bang Isran kwa sauti. Boti ina magodoro matano. Wao ni wanne.

Babu mmoja tu.

Nilimtazama Opung. Opung alinitazama. Hakuna aliyepepesa macho.

Jumapili, 18 Mei

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili.

Mpango ulikuwa mzuri. Nilimwambia Retno anikaribishe mimi kwanza, wakati wa chakula, mbele ya wote. Mtoto mtiifu. Tulipofika kwenye tempe, vile vipande vya soya vya kukaanga, akasema, kwa heshima zote, kwamba lile godoro la tano ni la Mbah, yaani mimi babu yao, kama Mbah atakubali.

Nami nikafanya kama inavyopasa. Kwetu Java mtu akikupa kitu kizuri, unakataa. Akirudia, unakataa tena, sauti ikiwa chini zaidi. Mara ya tatu unashusha pumzi na kusema basi, kwa kuwa mmenilazimisha. Mtoto wa chekechea anajua.

Nikasema aa, mimi mzee, mpeni Opung. Retno akarudia. Nikasema kwa kweli mifupa hii itawasumbua tu, mpeni mgeni. Nikainamisha kichwa, nikingoja ya tatu. Retno alishafungua kinywa.

"Haya, mimi nitakwenda," Opung akasema. "Ahsante, Besan. Una roho nzuri sana."

Na akachukua kipande cha mwisho cha tempe. Bila kukaribishwa hata mara moja!

Mkwe wangu akampigia babake makofi. Sekar ndiye aliyeuliza sasa nani atamfundisha Danu kushika usukani. Nikasema nina kitu jichoni.

Jikoni Retno alinishika mkono, akasema atakwenda kumweleza Opung. Nikamkatalia kabisa. Alitaka baba yake aonekane ana tamaa?

Jumanne, 20 Mei

Nimempelekea Opung lumpia, zile chapati za kukunja zenye mboga ndani, moto kabisa. Tumekaa barazani. Nikaanza kwa mbali, kiungwana. Nikasema unyevu wa mtoni una tabia ya kuingia magotini. Akasema magoti yake ni ya chuma. Nikasema wapo watu hawalali vizuri bila shuka la kwao. Akasema yeye analala hata juu ya gunia la kahawa. Nikasema basi watoto watakuwa na wewe Medan kila siku, Besan, mwaka mzima.

Hapo akaweka kikombe chini.

"Mimi sijui kuzungukazunguka, Besan. Unalitaka godoro? Sema nalitaka. Nampigia Retno sasa hivi."

Nafasi yangu hiyo, mbele ya pua yangu, inanuka lumpia. Nikafungua kinywa. Kinywa kikasema, "Aa, hapana, hapana. Hata halijanipitia akilini."

Akauliza, "Kweli?"

Nikasema kweli. Nikajipanga kwa ya tatu.

Akaitikia kwa kichwa, akala lumpia.

Hawa watu wanafundishwa nini huko kwao?

Jumatano, 28 Mei

Bang Isran amepiga simu mwenyewe! Amesema amepima sitaha upya. Akisogeza pipa la maji, godoro la sita linaingia, pembeni ya watoto kabisa. Hakuna wa kuondolewa. Mbah aje?

Nilitaka kumbusu kwenye simu.

Nikasema, "Usijisumbue, kijana, nitawabana watoto." Akasema si usumbufu hata kidogo. Nikasema hapana, kwa kweli. Nikavuta pumzi ile ya kushusha.

Akasema sawa, Mbah, basi hapo atapanga mikungu ya ndizi. Akakata.

Ndizi! Ndizi zitalala karibu na wajukuu wangu!

Nimekaa na simu mapajani tangu adhuhuri. Haiiti.

Retno, mwanangu, boti hiyo nimekutafutia mimi. Maswali ya uzio niliuliza mimi. Je, nakudai shukrani? Sitaki zawadi ya safari, sitaki picha. Nifanyie jambo moja dogo tu kesho: niulize kama nitakuja. Nitakataa, usishike neno langu. Niulize tena. Nitakataa tena, kwa sauti ya chini.

Hapo ndipo, tafadhali, usikae kimya.