Shahidi wa Kinanda cha Malabika

Jumatatu, 4 Agosti
Kinanda cha Malabika kimeibwa! Kile kidogo cha mvukuto alichoachiwa na marehemu mama yake. Kaja kuchukua blauzi, akalilia palepale penye cherehani yangu. Anamshuku jirani yake Haradhan, fundi redio. Simpendi Haradhan. Masharubu mengi, na Malabika hucheka kila akifungua mdomo. Nikajikuta nasema nilimwona! Ijumaa, saa kumi na mbili jioni, kinanda begani! Malabika akanishika mkono. Mjini Bishnupur kote hakuna mwenye bahati kama mimi.

Jumanne, 9 Septemba
Kesho mahakamani. Kaniletea peremende za maziwa, akasema, “Kaka Nirapada, nakutegemea wewe tu.” Hilo la kaka tutalirekebisha baada ya hukumu.

Jumatano, 10 Septemba
Balaa! Wakili wa Haradhan ni mama mfupi, mpole, anatabasamu. Akauliza nilikuwa wapi. Nikasema ng'ambo ya njia, mkabala na dirisha la Malabika. Je, husimama hapo mara nyingi? Kila jioni, nikajibu kwa fahari. Na Malabika alikuwa akifanya nini saa hiyo? Hapo nikajisahau. Nikaeleza sari ya manjano, nywele zilizolowa, na wimbo wa mvua ulionitoa machozi.
“Vizuri, Bwana Nirapada. Aliimba huku akipiga nini?”
“Kinanda.”
“Kinanda hichohicho kilichokuwa begani kwa Haradhan, saa ileile?”
Mahakama nzima ikaangua kicheko. Malabika akajifunika uso kwa sari; hata yeye alikuwa ameisahau jioni ile. Haradhan kaachiwa. Hakimu kaapa nikirudi na uongo mwingine atanifunga.

Jumatatu, 15 Septemba
Kinanda kimepatikana. Shemeji yake Malabika alikipeleka kutengenezwa, akasahau kusema. Malabika kaenda kumwomba Haradhan radhi. Kakaa huko muda mrefu. Nimeshona mkono wa shati mahali pa kola.
Jioni dirisha lilifungwa. Aliimba ndani. Sauti ilinifikia nusunusu, nikasimama hadi ikanyamaza.

Ijumaa, 19 Septemba
Nimeitwa shaurini! Malabika kanishitaki kwa kumvizia. Nimesoma hati mara tatu: jina lake na langu, karatasi moja! Tutashinda siku nzima chumba kimoja, bila dirisha kati yetu. Atanitazama. Itambidi.
Utetezi uko tayari. Binamu yangu Tarapada ataapa kuwa jioni zote hizo nilikuwa naye mjini Bankura. Kakubali bila kusita. Kauliza tu Bankura iko upande gani.
Nitamchorea ramani.